Amplifaya ya Mzinga

Mama mkubwa hakusema kwamba mzee amefariki. Alinipigia simu asubuhi nikiwa kwenye kibanda changu cha kutengeneza simu pale Manyoni, nimeinamia simu ya mteja iliyotumbukia kwenye uji wa mtoto, akasema, "Raheli, baba yako mkubwa ameacha kuomba maji." Nikachomoa pasi ya kulehemu, nikafunga kibanda na simu za watu ndani, nikaondoka. Nilifika Kinyangiri kesho yake nikiwa na vumbi mabegani la kutosha kupanda viazi. Naapa wilaya nzima ya Mkalama ilikuwa imekusanyika pale nyumbani, pamoja na nusu ya Iramba, na wote hao wamekalia mabenchi ya kanisa letu dogo. Wanawake walinipisha jikoni, kwa heshima na pia kwa lazima, maana siku hizi nikiingia mahali lazima mtu mmoja atoke. Nilikaa kwenye kigoda, kigoda kikalalamika, nikapewa beseni la mchele nichambue. Hapo ndipo nilipomsikia Elia, mtoto wa marehemu. Nilimsikia kabla ya kumwona, kwa sababu kikohozi chake hakina ndugu: kinaanza kama mtu anayebisha hodi kwa adabu, mara moja, mara mbili, halafu kinavunja mlango. Nikaacha mchele. Alikuwa anakuja kwenye njia ya kutoka barabarani, kijana yule aliyeondoka akiwa na nywele kama moshi wa lori, sasa mvi tupu, amevaa koti la kijivu, na kila baada ya hatua chache anasimama kuangalia mashamba ya alizeti kama bwana shamba. Mimi nilijua haangalii alizeti. Alikuwa anatafuta pumzi. Zaidi ya miaka ishirini hakuwa amekanyaga kwao. Mama mkubwa alimshika uso kwa mikono miwili, akauangalia kama mtu anayesoma, wala hakulia. Elia akamwamkia, akawaamkia wazee, akaja hadi jikoni akaniinamia sikioni. "Mwalimu," akasema, jina la utani alilonipa enzi za shule ya jioni, "bado unaunguza watu na risasi yako ya kulehemu?" Nikacheka msibani, wanawake wakaniangalia vibaya, na mwaka ule wote ukanirudia.

Mwaka ule nilikuwa binti wa miaka kama ishirini, nakaa kwa mama mkubwa, mchana nafukuza ndege kwenye uwele, jioni naenda shule. Wengine wana vyuo vikuu vyao. Mimi ni mhitimu wa chuo cha karabai. Tulikuwa watu wazima wachache tuliokosa sekondari, tumebanwa kwenye madawati ya watoto wa shule ya msingi, magoti yakigusa kidevu, na mbele yetu Mwalimu Shabani akipampu taa ile kwa hasira kama anaidai. Alitufundisha hesabu, Kiingereza kidogo na fizikia, na kwenye fizikia, bila kujisifu, nilikuwa bora kuliko mtu yeyote kaskazini mwa reli ya kati. Nilijua umeme unakotoka na unakokwenda, jambo la ajabu kwa kijiji ambacho umeme haukuwa umefika kabisa. Elia alikuwa amerudi kutoka machimboni tangu mvua za kwanza. Alirudi na gitaa la umeme, jekundu, alilolinunua siku moja shimo lilipokuwa na huruma, na alirudi na kikohozi. Hospitalini walimwambia vumbi la mawe limemkaa kifuani na halitoki, na kwamba akirudi kulivuta tena lile lile litammaliza. Alijaribu kulima na baba yake. Mstari mmoja wa jembe, anakaa chini. Alijaribu kuchunga ng'ombe, ng'ombe wakamwacha. Kitu pekee alichoweza kufanya kutwa nzima bila kukohoa kilikuwa kupiga gitaa, na sielewi hadi leo kwa nini, lakini vidole vikianza kutembea kifua kilikuwa kinatulia, kama mtoto anayeona mgeni.

Alilala kwenye stoo ya baba yake, chumba chembamba nyuma ya jiko, mizinga imepangwa upande mmoja na madebe ya asali upande mwingine, na kitanda cha kamba katikati. Chumba kile kilinukia nta hata ukipita nje mchana wa jua kali. Baba mkubwa alikuwa mrina asali wa kutisha. Nyuki walimjua kuliko wapiga kura wanavyomjua diwani. Maneno yake yalikuwa machache mno, tungeweza kuyafungia kwenye leso. Lakini kila mzinga kabla haujapelekwa porini aliushughulikia mwenyewe: anayeyusha nta kwenye kikaango kibovu, anaupaka mdomoni kwa kiganja, polepole, huku nta bado ya moto, ili harufu yake iwavute nyuki, kisha anainama na kuuambia kwa Kinyiramba maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama kusema, nenda, wakukubali. Hapo ndipo anaubeba. Nilikulia kwenye harufu ile na maneno yale, nikayaona ni ya kawaida kama kufunga zizi. Gitaa la mwanawe aliliita "ile kelele". Jumapili Elia akipiga kanisani, mzee alikuwa anakaa benchi la nyuma kabisa karibu na mlango, na wimbo ukianza anatoka kwenda kuangalia baiskeli yake, ambayo hakuna mwizi mwenye akili angeitaka. Elia aliyaona hayo kila Jumapili. Nilikuwa nakaa sauti ya pili, namwona shingo inavyosimama.

Kisha kwaya ikanunua kinanda. Kilikuja kutoka Singida mjini kimefungwa kwenye godoro kama mgonjwa, na kijiji kizima kilitoka kukipokea. Shida ni kwamba jenereta la kanisa lilikuwa dogo, na siku ya kwanza walipounganisha kinanda na gitaa pamoja lilitoa moshi, likapiga chafya, likazima katikati ya ibada. Mwalimu wa kwaya, Yona, mtu mwembamba mwenye suti pana, alilimaliza jambo hilo mazoezini mbele ya wote. Alisema kwaya inakwenda na wakati. Alisema Elia apumzike, maana na afya yenyewe tunaiona. Mtu wa besi akatania kwamba bora, tutasikia wimbo bila kikohozi, watu wakacheka kidogo, na Elia naye akacheka kuliko wote. Akasema jambo moja tu. "Nikija na sauti yangu mwenyewe, isiyogusa jenereta lenu?" Yona akasema akija nayo hakuna atakayemzuia, na kwamba iko harusi ya binti wa mzee wa kanisa baada ya mavuno, nje, mbele ya watu, aje nayo pale asikike. Alisema kwa upole wa mtu anayeahidi kitu ambacho hakitatokea.

Jioni ile nilikuwa jikoni nasonga ugali, na ukuta wa jiko letu ulikuwa wa miti na udongo, sikio likiegemea kidogo tu linasikia hadi mawazo. Mama mkubwa na baba mkubwa walikuwa nje wanapukuchua mahindi. Mama mkubwa alikuwa anasema kondakta wa basi ameleta salamu, wenzake Elia wa machimboni wamemwekea nafasi, wanamsubiri baada ya mavuno. Mahindi yakaendelea kudondoka kwenye ungo. Mama mkubwa akasema, "Akirudi kule tutaletewa maiti."

Baba mkubwa akatupa gunzi. "Sasa nimfunge kamba?"

"Mpe kitu cha kufanya hapa."

"Hana kifua cha moshi," akasema mzee. "Kazi yangu ni moshi. Nimpe nini?"

Nikaivisha ugali ule hadi ukashika sufuria. Hapo ndipo nilipoamua, na uamuzi wa msichana wa miaka ishirini aliyefika sura ya umeme kwenye kitabu cha fizikia si kitu kidogo: nitamtengenezea Elia amplifaya ya betri, ya kubebwa mgongoni, atembee nayo harusini na msibani na mnadani, asimwombe mtu jenereta, na machimbo yamsahau.

Sasa vifaa. Huko Nduguti, ambako siku hizi kuna ofisi za serikali zenye vioo, wakati ule kulikuwa na lori moja limekufa chini ya mti, na ndani ya lori kulikuwa na redio ya kaseti. Nilimwomba mwenye lori kwa ufundi ambao ungeweza kumtoa simba mfupani. Ndani ya redio ile mlikuwa na kile kidude cheusi chenye miguu mitano kinachokuza sauti, na hicho ndicho kilikuwa moyo. Lakini gitaa lina sauti dhaifu kuliko kaseti, kwa hiyo lazima kwanza ikuzwe kidogo kabla ya kukuzwa sana. Mwalimu Shabani alinichorea ubaoni namna ya kuweka transista moja mbele, wanafunzi wengine wakilalamika kwamba wamekuja kusoma hesabu. Transista niliitoa kwenye redio ya marehemu babu. Spika nayo nikaitoa humo humo, kubwa, ya duara, karatasi yake imechanika kidogo nikaiziba kwa nta. Betri ilikuwa ya pikipiki ya bwana mifugo, isiyoweza tena kuwasha pikipiki lakini yenye uhai wa kutosha kwa muziki. Niliichaji kwenye mashine ya kusaga: injini ya mashine ilikuwa na dainamo, na mwenye mashine alikubali niunganishe wakati watu wanasaga. Niliibeba kichwani nimeikunja ndani ya khanga, na tindikali ikaila ile khanga ikabaki kama chekecheke. Maandishi yake yote yakaisha isipokuwa neno moja la katikati ambalo halikuwa na maana tena. Pasi ya kulehemu sikuwa nayo. Nilichukua msumari mnene wa shaba, nikaufunga kwenye gunzi, nikawa nauweka kwenye makaa hadi uwe na hasira, halafu nauchukua nakimbia nao hadi mezani kabla haujapoa. Katika kukimbia huko ndiko nilikomuunguza Elia mkono, na shavu, na siku moja sikio, sijui sikio lilifika vipi pale. Kidude cheusi nacho kilikuwa kinachemka kama uji, kinahitaji bati la kupoza, nikachukua kifuniko cha sufuria cha mama mkubwa, nikakikata. Kwa wiki nzima tukala mlenda wenye masizi. Baba mkubwa akatoa kipande cheusi mdomoni, akakiangalia, akauliza kifuniko kiko wapi. Mama mkubwa akasema kimekwenda shule. Mzee akatafuna, akameza, akanitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi.

Sanduku ndilo lilinitesa. Mbao zilikuwa hazipatikani, maboksi yalikuwa yanatetemeka. Kisha siku moja nikiwa stooni nikaishika ile spika ya duara, nikaangalia mizinga iliyolala pale, magogo yaliyotobolewa katikati, mdomo wa duara kila upande, na nikahisi kama nimegundua Amerika. Nilikwenda kwa baba mkubwa nikapiga magoti, nikamwamkia, nikamwomba mzinga mmoja mbovu, na nikamwambia ni wa nini, sikuficha. Alinyanyua kidevu akaonyesha mmoja wa juu, wa mninga. Nilidhani ananipa uliooza. Ulikuwa mkavu kuliko yote, mwepesi, umezeeka vizuri, na ukiugonga kwa kidole unajibu. Elia alipouona alisema, "Amekupa huu? Basi hajui ni wa nini." Nikamwambia anajua. Hakuniamini. Spika ikaingia mdomo wa mbele kama vile walizaliwa pamoja. Nyuma nikaweka kifuniko cha mbao chenye tundu dogo la sauti kupumulia, ubunifu wangu mwenyewe. Betri tumboni, mkanda wa ngozi ya ng'ombe wa kubebea.

Tuliiwasha uani alasiri moja. Kabla Elia hajagusa uzi hata mmoja ikaunguruma. Mngurumo wa chini, wa kuendelea, kama mtu anayewaza kwa sauti. Nilihamisha nyaya, nikaongeza kapasita kwenye betri, nikapunguza, ukapungua lakini haukuisha. Nilikuwa karibu kulia. Elia akainamisha kichwa, akausikiliza, akakaza uzi mmoja taratibu hadi uzi na mngurumo vikawa kitu kimoja, kisha akakaza nyuzi nyingine zote kwa kufuata huo. "Acha uungurume," akasema. "Unanipa pa kuanzia." Na akapiga. Nasema ukweli, mbuzi waliacha kula. Watu walitoka nyumba za mbali. Sauti ilitoka kwenye gogo lile ikiwa na joto, na unene, haikuwa ya bati kama ya jenereta. Ilikuwa kama gitaa limepewa kifua kipya, na yeye akipiga hakukohoa kabisa, hadi jua likaanza kushuka. Mama mkubwa alisimama mlangoni na ungo, mchele ukimwagika kidogo kidogo bila yeye kujua. Baba mkubwa alikuwa anapitapita zizini, ametupa mgongo. Hakuondoka. Nililiona hilo, lakini Elia alikuwa ameangalia vidole vyake.

Zilibaki siku chache kabla ya harusi. Tuliiweka amplifaya juu ya kihenge cha uwele, mbali na kuku na mchwa, ikauke gundi juani. Ulikuwa ule msimu baada ya mvua ambapo miti ya porini imetoa maua na nyuki wanahama makundi kwa makundi kutafuta pa kukaa. Wachache walikuwa wanazunguka pale juu ya kihenge, wanaingia na kutoka kwenye tundu langu, wanakagua. Nyumba nyingine wangepiga yowe. Kwenye nyumba ya mrina asali, nyuki wachache ni kama nzi. Hakuna aliyeinua kichwa.

Siku ya harusi palikuwa na turubai, maua ya karatasi, masufuria ya pilau ambayo ng'ombe angeweza kuogeshwa ndani yake, na kinanda kimewekwa mezani kama mgeni wa heshima. Elia alivaa shati jeupe. Aliweka mzinga kwenye kiti pembeni ya kwaya, mbele ya watu wote, na Yona akasema kwa kipaza sauti, kwa kicheko kidogo, kwamba leo Elia ametuletea asali. Watu wakacheka. Elia akawasha. Mngurumo ukaja, akausikiliza, akauzoea, akaanza, na kicheko kikaisha kwa ubeti mmoja. Bibi harusi mwenyewe aligeuka. Vijana wakasogea. Namkumbuka mama mmoja aliyekuwa anagawa soda akabaki ameinua chupa. Nilitafuta macho ya baba mkubwa: alikuwa amekaa benchi la katikati, si la nyuma. Kisha nikasikia mngurumo unapanda. Nikajua ni mimi, ni waya wangu, ni kapasita imelegea, nikatambaa kwa magoti hadi nyuma ya kiti nikaanza kubonyeza nyaya kwa siri. Ukazidi. Nikazima voliyumu, na haukuzima. Nikainua kichwa. Hewa juu ya turubai ilikuwa nyeusi, inazunguka, kundi zima, ufalme mzima wa nyuki umekuja na mizigo yake, na ukashuka juu ya ule mzinga kama mtu anayejua nyumba yake.

Nyuki wanaohama huwa hawana ubaya. Wakipata nyumba wanaingia kwa amani. Lakini nyumba hii ilikuwa na spika ndani inayotingishika. Sitasimulia yote. Naweza kusema kwamba Yona alikimbia na suti yake ikachelewa, na kwamba bibi harusi tulimkuta chini ya meza ya keki akiwa ameshika kisu, na kwamba kinanda kilikanyagwa, na mambo hayo tuliyacheka baadaye miaka mingi. Ila bibi yake bibi harusi hakuweza kukimbia. Aling'atwa usoni na mikononi, akavimba hadi macho yakapotea, akabebwa kwa machela hadi zahanati, na siku mbili watu walikuwa wanauliza habari zake kwa sauti ya chini. Alipona. Lakini siku mbili hizo zilitosha. Wazee wa kanisa walikaa, na kilichotoka ni kwamba Elia na mzinga wake wasionekane tena mbele ya watu.

Elia hakukimbia siku ile ya harusi. Baba yake alimfunika shati, akamvuta, akarudi na majani ya moshi peke yake akawatuliza nyuki hadi wote wakaingia ndani. Kabla hawajamaliza kuingia Elia alikuwa ameinama kwenye lile tundu, na nilimwona ananusa. Akapitisha kidole pembeni. Kidole kikatoka na nta mpya, ya njano, laini. Si ile ya zamani.

Yaliyofuata yalitokea uani kwetu siku ile ile, jua likiwa bado liko juu, mama mkubwa na mimi tumesimama. Elia alimwonyesha baba yake kile kidole. Alikuwa amevimba jicho moja. "Baba, umepaka nta?"

Mzee akasema, "Nimepaka."

"Msimu huu. Unajua wanahama."

Baba mkubwa aliangalia kidole, akaangalia chini. Aliyaweka pamoja maneno yake taratibu, kama mtu anayetafuta kitu gizani. "Mzinga hautoki nyumbani mkavu," akasema.

Elia akangoja. Sote tulingoja. Hakukuwa na kingine. Kikohozi kikamjia Elia, kikambamiza hadi akashika kiuno, kilipomwachia akasema, kwa adabu, bila kupaza sauti, "Ungesema tu hutaki, baba. Ningekusikia." Basi la kwanza baada ya kikao cha wazee lilipopita alikuwa ndani. Gitaa aliliacha ukutani stooni. Nilimsindikiza hadi barabarani, nikajaribu kumchekesha nikashindwa, mara yangu ya kwanza na ya mwisho kushindwa kazi hiyo, na njiani kurudi nilimchukia baba mkubwa kwa moyo wangu wote, nikaendelea kumchukia kwa heshima, nikimpelekea maji ya kunawa, hadi nilipohama. Shule ya jioni nilimaliza. Sikujenga kitu kingine cha sauti; nilihamia kwenye simu, ambazo zikiharibika zinanyamaza tu.

Machimbo hayakumuua Elia. Yalimtafuna miaka michache, kisha kifua kikagoma kabisa akahamia Babati, akafungua duka la vitu vidogo, akaoa, akazaa. Alimtumia mama yake salamu na sukari. Kwa baba yake hakutuma kitu. Mzee naye hakuuliza, na sisi wote tulisema wamefanana.

Tulimzika mchana. Elia alirusha udongo wake kama wengine, akarudi nyuma kupisha. Kesho yake asubuhi, chai ikiwa bado ya moto, mama mkubwa alimwambia avae viatu, na mimi nivae, twende. Tulikwenda polepole, tukisimama kuangalia alizeti, sasa sote watatu na sababu zetu, hadi mwisho wa shamba, upande wa nyuki ambao sikuwa nakanyaga, ambapo kuna mgunga mkubwa. Akaonyesha juu. Kwenye tawi kulikuwa na mzinga wa mninga, mweusi kwa mvua, na mkanda wa ngozi bado unaning'inia. Mdomo wa mbele umezibwa na kitu cha duara. Nilichukua muda kuitambua spika ya babu. Nyuki walikuwa wanatoka na kuingia kwenye tundu langu la nyuma.

Mama mkubwa alisema mzee aliubeba kutoka harusini mwenyewe, ukiwa na nyuki wake, akautundika jioni ile ile. Wakati mwingine kiangazi kikizidi wanahama, lakini wanarudi. Warina wenzake walimsumbua miaka yote, mzinga mzito vile, mbona hurini. Akawajibu kwamba si wake. Elia akauliza ni wa nani. Mama yake akamtazama kama anamshangaa.

"Alisema ni wa Elia, atarina mwenyewe akija." Akarekebisha khanga yake. "Ile nta aliipaka siku mbili kabla ya harusi, wewe na Raheli mko kwenye mazoezi. Nilikuwa nachambua mboga, nikamwona. Alipanda kwenye kihenge na kikaango. Akapaka, akainama, akasema yale maneno yake. Nenda, wakukubali. Kwa mizinga mingine huwa anasema mara moja. Ule aliurudia rudia, mpaka nikamwita mboga zinaungua."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Nilidhani unajua. Wewe si mtoto wake?"

Elia alitembea hadi karibu na shina, karibu kuliko ambavyo ningethubutu mimi, ninayeonekana na nyuki kutoka mbali kama bohari, akasimama ameinamisha kichwa upande mmoja. Niliijua ile namna yake ya kusimama. Kurina hawezi, moshi ungemuua, na hilo sote tulilijua, hata mzee alilijua alipokuwa akisema atarina mwenyewe. Alisikiliza kwa muda mrefu. Mngurumo ulikuwa unatoka kwenye gogo, wa chini, wa kuendelea. Kisha akaniita bila kugeuka.

"Mwalimu. Miaka yote hii, mbona hamkuizima?"

Nikamwambia voliyumu imekwama. Mabega yakaanza kutikisika, na kutoka nyuma sikuweza kujua ni kicheko, ni kikohozi, au ni kile kingine, nadhani yalikuwa yote kwa zamu. Yalipotulia aliweka kiganja kwenye gome la mti, akaanza kuimba chini chini ule wimbo wa harusini ambao hakuumaliza, akianzia pale pale kwenye sauti ya nyuki kama alivyozoea. Pumzi ikamwishia kabla ya kiitikio. Nikakipokea mimi, kwa sauti yangu hii ya pili iliyozoea kuimbwa nyuma ya watu, mama mkubwa akaingia wa tatu, na hakuna nyuki hata mmoja aliyetusogelea.